Transista Nne za Mama wa Loresho

Ukitaka kunikasirisha, niletee redio dukani halafu uvute stuli ukae. Hapa mjini tunaita kukalia fundi. Mteja anaketi mbele yako, mkoba mapajani, macho yakiganda kwenye vidole vyako kuanzia skrubu ya kwanza mpaka ya mwisho, ili usije ukamtolea kifaa kizima na kumwekea kibovu. Siwalaumu, kwa kweli. Mafundi tumewaibia watu wa jiji hili mpaka wamejifunza. Lakini mimi nikikaliwa, mikono inakuwa mizito na mdomo unakuwa mwepesi. Nimewahi kumwambia mchungaji mmoja kwamba kama ananiona mwizi aende akatengenezewe na malaika. Alikwenda, akarudi baada ya wiki mbili, na stuli akaivuta tena.

Baba yangu hakuna aliyemkalia. Alifanya kazi katika chumba hicho hicho, ghorofa ya pili, mtaa wa chini katikati ya jiji, kwa zaidi ya miaka thelathini, kabla macho hayajamwishia. Watu waliacha redio zao mezani pake wakaenda zao benki, wakaenda ofisini, wakarudi jioni kuzichukua. Mimi nilirithi meza, chuma cha kuchomelea, makopo ya skrubu, na lile jina. Mpaka leo mtu akipanda ngazi anauliza walipo watu wa yule mzee mwaminifu. Jina lake ndilo linaloniletea wateja. Mimi mwenyewe kazi yangu ni kuwafukuza.

Kuna jambo moja alilonifundisha nikiwa msichana wa miaka kumi na tano, wakati shangazi zangu wote walikuwa wanamwambia anipeleke nikasomee ushonaji. Kifaa kilichokufa hakitupwi. Unakifunga kwenye karatasi, unaandika ulichofanya, na unakibandika kwa selotepu ndani ya kifuniko cha nyuma cha redio, ili mwenyewe akifungua akione. Mwenye redio, alisema, ana haki ya kuiona maiti yake. Mafundi wengine walimcheka. Lakini ni karatasi hizo zilizofanya watu wasimkalie, na nami nimezibandika kwenye kila redio niliyowahi kuifungua.

Jumanne moja mwaka huu alikuja mama mmoja wa Kihindi, mjane, anayekaa Loresho. Nilimfahamu tangu nikiwa mdogo. Alizaliwa Machakos, baba yake alikuwa na duka huko, na anapoingia kwangu hunisalimia kwa Kikamba kilichonyooka kuliko changu, kisha anahamia Kiswahili. Dereva alikuwa nyuma yake amebeba redio ya mbao ya masafa manne, ile mume wake aliyoinunua walipooana. Ilikuwa imenyamaza kabisa. Akanieleza kwamba nyumba imeuzwa, kwamba binti yake wa ng'ambo amemwambia inatosha sasa kukaa peke yake na mbwa, na kwamba ndege yake ni Ijumaa usiku. Vitu vyote amevigawa. Anachukua masanduku mawili ya nguo na redio hiyo.

Nikamwambia Ijumaa ni karibu sana, na redio za umri huo zina kiburi. Nikamsogezea stuli, maana nilidhani atataka kukaa, mtu aliyebakiwa na kitu kimoja tu. Akaisukuma kando kwa mguu.

"Wewe ni mtoto wa fundi," akasema. "Mimi na mume wangu hatukumkalia baba yako hata siku moja. Sitaanza na wewe."

Akashuka ngazi taratibu akishika ukuta. Nilifurahi, na sitaficha. Nilijiona mtu.

Jumatano asubuhi nikaifungua. Redio za aina hiyo zina transista tano za kikopo cha chuma, kila moja na miguu minne, na ndizo zinazoyashika mawimbi na kuyapa nguvu kabla sauti haijafika kwenye spika. Zina ugonjwa wao. Baada ya miaka mingi, ndani ya kile kikopo chuma huota nywele, nyembamba kuliko za mtoto mchanga, zinatambaa mpaka zinagusa miguu, na hapo redio inazima kama mtu aliyezibwa mdomo. Mguu wa nne kazi yake ni kukiunganisha kikopo na ubao. Ukiukata huo, mara nyingi mgonjwa anaamka. Nilipima kwa mita, nikaipata yenye nywele, nikakata mguu. Redio ikakoroma, ikatoa sauti.

Lakini sauti ilikuwa ya chini mno. Nikafungua sauti mpaka mwisho, bado ikawa mnong'ono. Kwenye masafa mafupi nilisikia mchanga tu. Nikageuza ubao, nikavaa miwani, nikaangalia transista moja baada ya nyingine.

Zilizopaswa kuwa tano za kikopo, ilikuwepo moja tu, hiyo niliyoikata mguu. Nne zilizobaki zilikuwa za plastiki, za bei ya peremende, miguu imepindwa kwa nguvu ikae kwenye matundu yasiyo yake. Nikasema moyoni, tazama, mshenzi mmoja amepita hapa. Nikaanza hata kumtukana. Halafu nikaangalia jinsi zilivyochomelewa.

Kila fundi ana mkono wake. Baba yangu alikuwa akipinda ncha ya kila mguu chini ya ubao iwe kindoano kidogo kinachoangalia kushoto, kisha anaweka risasi ya kuchomelea kidogo sana, ing'ae, isifunike kindoano. Alinifundisha hivyo na hivyo ndivyo ninavyofanya. Miguu yote ya zile za plastiki ilikuwa na kindoano, na vyote viliangalia kushoto.

Nikatafuta kisingizio, na Mungu ananijua, nilikitafuta kwa bidii. Labda zile nne zilikufa kweli na hakupata nyingine za kikopo. Mbona inatokea, hata mimi hunitokea. Nikachukua kifuniko cha nyuma, na karatasi ilikuwepo, imekauka, rangi ya chai, na mwandiko wa baba juu yake: nne zimekufa, nimebadilisha. Nikaifungua. Ndani mlikuwa na transista nne za kioo zilizopakwa rangi nyeusi. Redio hiyo haijawahi kuwa na transista za kioo. Zilikuwa maiti za redio nyingine, zimewekwa hapo ili mwenye redio asiyejua aone amerudishiwa zake.

Nilikaa. Vijana wanaotengeneza simu kwenye meza za jirani waliniuliza kama naumwa nikawaambia waangalie kazi zao. Nilikuwa naogopa. Si kwa ajili ya mama wa Loresho kwanza, hapana, niseme ukweli: niliogopa kwa ajili ya lile jina. Kama jambo hili lingetoka nje, ni nani angepanda zile ngazi tena? Mtoto wa nyoka ni nyoka, wangesema, na wangekuwa na haki ya kusema. Na baba, mzee wa miaka themanini na kitu, kipofu, ambaye kitu pekee alichobaki nacho ni kwamba watu wanamtaja vizuri, angekufa nacho kimemtoka mkononi.

Halafu likaja wazo jingine, baya zaidi. Nilijua zilikokwenda.

Tunakaa Mutuini, mimi na baba, nyumba ya kupanga karibu na mashamba madogo ya watu wa huko. Baba ana redio yake, naye hukaa nayo tangu asubuhi. Ni ya kampuni ile ile na umri ule ule. Aliinunua mnadani ikiwa imekufa, na ilikaa juu ya kabati miaka mingi bila kulia, kwa sababu transista za kikopo zilikuwa zimeadimika hata wakati huo. Kisha mama akaugua. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Mama alilala kitandani hawezi kugeuka, na siku moja nikarudi nyumbani nikakuta redio inaimba kando ya kichwa chake. Baba alisema amebahatika kupata vipuri. Sikuuliza. Nani anauliza habari za bahati kwenye nyumba ya mgonjwa?

Jioni hiyo ya Jumatano nilirudi nyumbani na redio ya Loresho pamoja na zana zangu, nikapika, tukala, na redio yake ikawa inaongea katikati yetu, idhaa ya Kiswahili ya nchi ya mbali, safi, kila neno lake. Baba huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Akaniuliza, mama, mbona leo huna maneno? Nikamwambia nimechoka. Mimi, ambaye kila mtu anajua sina kifuniko mdomoni, nilishindwa. Nilimwangalia akisafisha sahani yake kwa kidole, nikamchukia, na papo hapo nikajichukia kwa kumchukia.

Alhamisi sikwenda mjini. Nilisubiri baba atoke akaote jua kwenye benchi ukutani, nikaichukua redio yake, nikaifungua kwenye meza ya jikoni. Transista tano za kikopo. Zinazotoka kiwandani pamoja huwa na alama moja ubavuni, herufi na tarakimu ndogo. Moja ilikuwa na alama yake ya peke yake, hiyo ilikuwa ya tangu mwanzo. Nne zilikuwa na alama ile ile ya ile moja iliyobaki kwenye redio ya mama wa Loresho. Nilizisoma mara tatu kwa kioo cha kukuzia.

Sikumsikia akiingia. Alikuwa mlangoni, ameshika fremu, uso wake umeelekea mezani.

"Umeifungua," akasema.

"Nimeifungua."

"Umeona alama."

Nikamwambia nimeziona. Nikamwambia redio ya Loresho iko kwangu, na karatasi yake nimeisoma, na maiti zake za uongo nimezihesabu. Nilimwambia mengi, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea, nikamwuliza ni redio ngapi nyingine, ni watu wangapi, kama hata hilo jina ninalokula nalo ni la wizi. Alipopata nafasi akasema ni hiyo moja. Hakuna nyingine. Ililetwa kwake kwa ajili ya uzi wa kinobu cha kutafutia stesheni uliokatika, kazi ya dakika kumi, na alipoigeuza akaziona zile tano zimekaa, nzima, na nyumbani alikuwa ameacha mtu anayeangalia dari tangu alfajiri.

"Mama yako alitaka kusikia watu," akasema. "Sikuwa na kingine cha kumpa."

Hasira yangu ilikuwa bado imejaa, lakini haikuwa na pa kwenda. Nikamwambia yule mama anaondoka kesho, na redio yake iondoke na vitu vyake. Akasema ndiyo, zitoe. Kisha akavuta kiti, akakipapasa, akakaa mbele yangu. Baba yangu alinikalia.

Kutoa transista za umri ule ni kazi ya kukatisha pumzi. Moto ukizidi kidogo, ukipanda na mguu ukafika ndani ya kikopo, imekufa, na hakuna duka la kwenda kununua nyingine. Fundi hushika mguu kwa koleo ndogo ili koleo inywe ule moto. Lakini koleo moja haitoshi kwa miguu minne. Baba akanyoosha mkono wake juu ya meza. Alitaka kikopo kiwe katikati ya vidole vyake, ndivyo walivyofanya zamani kabla ya kuwa na vifaa: ukiona unaweza kuvumilia kukishika, na chenyewe kinavumilia. Kikikuchoma, unasema, fundi anaondoa chuma haraka.

Nikamwekea. Ya kwanza ikatoka. Akapumua, nami nikapumua. Nikaipima, nzima. Ya pili ilikuwa na risasi iliyokauka, ikachukua muda, akasema toa, nikatoa chuma, tukasubiri ipoe, tukaanza tena. Nzima. Ya tatu pia. Nje mwendesha boda boda alikuwa anapiga honi kwa jirani, na nilitamani kutoka nikamrushie kitu.

Ya nne ilikataa. Mguu mmoja ulikuwa umeshikana na ubao kabisa. Nikaweka chuma, nikangoja baba aseme. Hakusema. Nikaendelea. Mguu ukaanza kulegea, nikavuta, kikopo kikatoka, na ndipo nikasikia harufu, nikaangalia vidole vyake. Ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe pale kikopo kilipogusa.

Nilimpigia kelele kwa nini hakusema. Akaniambia alidhani ikibaki kidogo tu itatoka. Nikamshika mkono nikauweka kwenye maji baridi, huku nikigomba na machozi yakinitoka, na yeye anasema si kitu, mama, si kitu, ipime kwanza. Nikaipima. Ilikuwa imekufa. Tulikuwa na tatu.

Nilizichomelea kwenye redio ya Loresho moja moja, miguu yao imetengwa na moto kwa koleo mbili, na ile ya nne nikaiacha ya plastiki kwa kuwa sikuwa na njia. Nikaweka betri. Mama yangu, ile sauti! Ilijaza jikoni. Nikageuza kwenye masafa mafupi nikapata mwanamke anaimba kwa lugha ya kwao, mbali huko, na kila pumzi yake inasikika. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Redio yake ilikuwa pale pale mezani, wazi, na matundu manne. Nikamwambia nitamtafutia za plastiki angalau apate mnong'ono. Akakataa. Akasema usiweke kitu.

Jioni akaniita. Akasema amerudisha, na kilichokufa amekilipa kwa mkono wake, lakini ana ombi moja.

"Mpelekee, lakini usimwambie. Niachie jina langu, mama. Sina kingine."

Kwanza yule mama angejua aje, angekwenda zake ng'ambo, na siri ya mtungi aijuaye kata. Nilitaka kumkubalia. Nilikaa na ile redio nikaandika karatasi mbili. Ya kwanza ilisema uongo na ya pili ilisema ukweli, na zote nikazitia mfukoni, nikasema nitajua nikifika.

Ijumaa asubuhi nikaenda Loresho. Nyumba ilikuwa tupu, kuta zina alama za mraba palipokuwa na picha, na sauti zetu zilikuwa zinarudi. Mama wa Loresho alikuwa amekaa juu ya sanduku la nguo katikati ya sebule. Hapakuwa na meza, nikaiweka redio sakafuni, nikaiwasha. Nikatafuta masafa mafupi, nikabahatika, kulikuwa na wimbo wa kwao, wa zamani kwa jinsi alivyofumba macho. Alisikiliza mpaka ukaisha.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa tulipoinunua," akasema. "Masikini, yeye hakuisikia hivi tena."

Nikamwuliza nani, ingawa nilikuwa nimeshajua. Akanieleza bila haraka, mtu anayesimulia jambo lililokwisha kupoa. Kuna mwaka redio ilitoka kwa fundi ikawa haisikiki vizuri. Mume wake akamwita fundi hapa nyumbani. Fundi akaisikiliza, akasema redio ni nzima, mzee, labda ni masikio, nenda ukapimwe. Basi akaenda. Daktari akapata yamepungua kidogo, na mzee gani akipimwa hakosi? Akanunuliwa kile kifaa cha sikioni. Hakikumsaidia redioni, na hapo ndipo alipoamini kwamba ameharibika kabisa. Akaacha kwenda hekaluni siku za mikutano, akaacha kuwapigia simu ndugu zake, kwa sababu hakutaka watu waone anauliza mara mbili. Kila jioni alikaa hapo, yule mama akanionyesha pembe ya chumba, sikio limegusa kitambaa cha spika. Kisha akaniuliza kama baba yangu bado anasikia.

Nilikuwa nimekuja na uongo na ukweli mfukoni nikidhani ninapima jina la mtu mmoja na redio ya mwingine. Sikujua kwamba ndani yake kulikuwa na mtu aliyekaa kwenye pembe ya chumba.

Sikutoa karatasi yoyote. Nilimwambia kwa mdomo. Nilimwambia masikio ya mume wake hayakuwa na shida, au hayakuwa na shida ile, na kwamba baba yangu alitoa transista nne kwenye redio hii akaweka takataka, na karatasi aliyobandika ilikuwa ya uongo. Nilimwambia zilikwenda kando ya kitanda cha mama yangu. Nilimwambia tatu zimerudi, na moja niliiua jana.

Akainama akazima redio. Nilisubiri anitukane, na nilitaka anitukane.

"Alikunywa chai hapa," akasema hatimaye. "Siku ile ya kusema masikio. Mimi nilimpa." Akakaa. "Mama yako aliishi muda gani baada ya hapo?"

"Miezi mitano."

"Mume wangu aliishi miaka kumi na mitatu."

Nikaomba msamaha, neno likatoka dogo, halina maana. Hakulipokea wala hakulikataa. Aliinuka, akaenda dirishani, akasimama akinipa mgongo, akifuta kioo kwa kidole mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Dereva aliingia kuuliza kuhusu sanduku, akamwambia angoje nje. Nikaanza kukusanya zana zangu.

"Nimsalimie?" nikamwuliza. Sijui ni nini kilichonifanya niulize.

Akasema, bado ananipa mgongo, kwamba nimsalimie. Na akasema yaliyompata mume wake baada ya ile habari ya masikio nisimwambie. Nimwache aamini kwamba aliiba vipuri vya redio tu. Mtu wa umri ule, akasema, ukimtwisha na hilo, hataubeba mzigo huo mpaka asubuhi. Sauti yake haikuwa ya huruma sana. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, ambaye amebeba mwenyewe na anajua uzito wake.

Nilipofika Mutuini, baba alikuwa kwenye kiti chake ndani, si kwenye benchi ya juani. Redio yake ilikuwa mezani, nimeifunga, haina kitu cha kusema. Vidole vyake viwili nilikuwa nimevifunga kitambaa. Alisikia hatua zangu akainua uso kabla sijafika mlangoni. Masikio yake ni mazima, ya paka.

"Ulimwambia," akasema.

Nikasema nilimwambia. Nikamwona akipokea, mabega yakishuka polepole. Hakunilaumu. Akaniuliza yule mama alisema nini.

"Amekusalimia."

"Anajua, na amenisalimia?"

"Amekusalimia, baba."

Akaweka mkono wenye kitambaa usoni akalia, mzee mzima, bila sauti, na mimi nikasimama na mkoba wa zana begani. Mimi ninayesema kila kitu. Ilikuwa hapa kooni, yote, mtu, pembe, sikio kwenye kitambaa, miaka kumi na mitatu, na sehemu yangu moja, ile yenye hasira, ilitaka kuitoa aisikie kwa hayo masikio yake.

Akajifuta, akaniuliza kama kuna lingine alilosema.

"Hakuna lingine, baba," nikamwambia, nikaenda kupika.